Mama kapewa asilimia ndogo, baba kakataliwa kabisa: jinsi ya kupinga uamuzi wa fidia ya ulemavu

Barua ya uamuzi ikifika, kabla hujaanza kuisoma chukua kalamu uandike nyuma ya bahasha: imefika lini, kaipokea nani, kaileta nani. Huku kwetu barua ya ofisi hupita mikono mingi. Inatoka kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), inakaa kwa mwajiri, anaibeba mtu anayepanda Noah kwenda Mdabulo, inalala dukani kwa jirani, ndipo imfikie mwenyewe. Muda wa kupinga unahesabika, na usipoweza kuonyesha siku barua ilipokufikia, utahesabiwa kwa tarehe iliyopigwa chapa juu yake. Ikija kwa ujumbe wa simu au barua pepe, piga picha ya skrini tarehe ionekane, kisha mtumie ndugu mwingine aitunze. Simu huibiwa, na huanguka ndooni.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtoto, mkwe au mpwa ambaye mzazi wake aliumia au aliugua kwa sababu ya kazi: mbao za Mafinga, chai ya Mufindi na Rungwe, machimbo ya Chunya, malori ya Tunduma. Mimi niliyapitia na mama, aliyeumizwa mkono wa kulia na mashine ya kusaga majani ya chai. Tangu hapo majirani huniita wakipata bahasha ya namna hii. Mimi si mwanasheria, na kuna mahali nitakwambia umtafute mwanasheria.

Hatua ya 1: Jua unamdai nani

Ukikosea hapa utazunguka mwaka mzima. Mzazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, awe wa kampuni binafsi au wa Serikali, madai yake yako Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu uliundwa na sheria ya mwaka 2008, Sura ya 263, na michango ilianza kukusanywa mwaka 2015. Anayechanga ni mwajiri peke yake. Hata senti moja haikatwi kwenye mshahara, ndiyo maana hutaiona WCF kwenye slipu ya mama, na ndiyo maana wafanyakazi wengi hawajui kama wamo. Mwajiri akikwambia "huyu hakuwa anachangia", mjibu kwa heshima kwamba mchango si wa mfanyakazi, wala kujisajili Mfukoni si kazi ya mfanyakazi. Kisha peleka madai hivyo hivyo.

Mzazi aliyepata kiharusi nyumbani, au aliyekatwa mguu kwa kisukari, njia yake ni mfuko wa hifadhi ya jamii: NSSF kama alikuwa sekta binafsi, au PSSSF kama alikuwa mtumishi wa umma. Nitarudi huko mbele, kwa ufupi.

Kuna na mlango wa tatu ambao watu huuchanganya na hiyo miwili. Kama mwajiri amemwachisha kazi kwa sababu ya kuumia, huo ni mgogoro wa kazi na unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Nimekutana na baba mmoja pale Igawa aliyekuwa anasubiri majibu ya fidia kwanza ndipo aende CMA. Majibu yalipotoka siku 30 zilishapita zamani. Haya mawili yanakwenda sambamba, hakuna linalomsubiri mwenzake.

Hatua ya 2: Soma sababu, usisome jibu

Watu wakiona neno "yamekataliwa" wanaikunja barua. Ikunjue tena. Chini ya jibu kuna sababu, na kila sababu ina dawa yake.

Pengine wamesema ajali haikutokea kazini au ugonjwa hautokani na kazi. Hapo vita ni ya ushahidi wa mazingira: alikuwa zamu gani, alitumwa na nani, alikuwa anafanya nini. Pengine wamesema madai yamechelewa. Sheria inataka taarifa itolewe ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee au ugonjwa ugundulike, na mwajiri naye ana siku saba za kuutaarifu Mfuko tangu ajulishwe. Kama mzazi alimwambia msimamizi siku ile ile na msimamizi akakalia taarifa, mzigo wa ucheleweshaji usiubebe wewe. Tafuta chochote kinachoonyesha kwamba mwajiri alijua: daftari la huduma ya kwanza, ujumbe wa simu, gari la kampuni lililompeleka hospitali, ED (karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi) aliyoipokea mtu wa utumishi.

Pengine wamekubali ila wamekosea mshahara. Hili linapita kimya kimya, kwa sababu familia inafurahi kuona pesa na haiulizi zimepigiwaje hesabu. Malipo ya WCF yanatokana na kipato cha mwezi. Mtu aliyekuwa anapokea pungufu kwenye karatasi na nyongeza mkononi, fidia yake itafuata karatasi mpaka uonyeshe vinginevyo. Kama nyongeza ilipita kwa simu, chapisha taarifa ya miamala.

Pengine wamemsimamishia malipo ya ulemavu wa muda, yale ya asilimia 70 ya mshahara, wakisema amepona. Malipo hayo yana ukomo wa miezi 24, lakini kufika ukomo si kupona. Kama bado kuna kasoro isiyokwisha, kinachotakiwa ni tathmini ya ulemavu wa kudumu, na barua yako iombe hicho kwa jina lake.

Na pengine, hii ndiyo inayotuletea watu wengi mlangoni, wamempa asilimia ndogo ya ulemavu. Shika namba moja: 30. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, mara moja, mmemalizana. Ukizidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo mzazi aliyepewa asilimia 27 au 28, huku kuna kiungo ambacho hakikupimwa, ana kila sababu ya kupinga. Aliyepewa 8 akitaka ifike 10, mpime uzito wa safari na nauli kabla hamjaanza.

Hatua ya 3: Mkalishe mzazi, na umsikilize anavyodanganya

Nasema anadanganya kwa upendo. Wazee wetu wamelelewa kwamba mtu hajielezi kwa shida zake mbele ya wageni. Muulize Mhehe au Mbena yeyote wa umri ule "Kamwene, habari za mkono?", atakujibu mkono haujambo, anamshukuru Mungu, hata kama usiku kucha hakulala. Sasa mpeleke mtu huyo mbele ya daktari mwenye koti jeupe, tena kijana wa rika la mwanawe. Ataona aibu. Atajitutumua. Atanyanyua mkono mpaka mahali ambapo nyumbani haufiki.

Mama aliulizwa na daktari: "Mama, kupika unaweza?" Akajibu: "Napika mwanangu, sijambo." Daktari akaandika. Na kweli mama anapika. Anakaa chini, anaibana sufuria ya ugali kwa nyayo mbili zilizofungwa vitambaa, anasonga kwa mkono wa kushoto, na mjukuu anashika mwiko pale ugali unapokaza. Viazi hamenyi tena, anavichemsha na maganda. Khanga anafungiwa. Jani la chai hawezi kulikata, na kuchuma chai ni vidole, si nguvu. Hayo yote yalizama ndani ya neno "napika".

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, kaa naye siku moja nzima bila haraka, na umwangalie. Usimuulize "unaweza nini", mwambie "hebu tuoneshe unavyofanya". Kufungua mfuniko wa chupa. Kuvaa shati lenye vifungo. Kupanda bodaboda na kushuka. Kuinama kwenye choo cha shimo, hasa kwa aliyeumia mgongo au nyonga, maana hili hatalisema hata kwa dawa. Muulize mama kama mgonjwa ni baba, na baba kama mgonjwa ni mama.

Halafu fungua daftari la kawaida la shule. Kila siku andika tarehe na mistari miwili mitatu: alichojaribu, alikoishia, nani alimsaidia, maumivu yalianza saa ngapi, dawa gani alimeza. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Andika na hali ya hewa. Wenzetu wa pwani watacheka, lakini Mufindi ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu umeshuka na mpaka saa nne asubuhi bado mtu amejifunga shuka, kiungo kilichovunjika kinakaza na vidole havifungi ngumi. Akipimwa saa nane mchana katika chumba chenye joto, vidole vinafunga. Asipokuwa na daftari, kipimo cha mchana kitahesabika kuwa ndiyo hali yake ya siku zote.

Jambo jingine hapa hapa: muulize kama anataka kupinga. Haki ni yake, sahihi ni yake. Wengi wataanza kwa kusema "mwanangu, niacheni nipumzike, siwezi kugombana na Serikali". Mweleze kwamba kuomba mapitio si kushtaki mtu. Ni kuomba hesabu ipigwe upya, na sheria yenyewe imeweka nafasi hiyo. Akikataa baada ya kuelewa, basi.

Hatua ya 4: Karatasi za hospitali

Uamuzi hufanywa na mtu ambaye pengine hatamwona mzazi wako tena, anayesoma faili. Kazi yako ni kulijaza faili hilo.

Anza hospitali alikopokelewa siku ya kwanza. Omba nakala ya faili, majibu ya eksirei na picha zenyewe, na muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini. Kama polisi walihusika, itafute PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ajali nyingi za viwandani huku hukimbizwa kwanza kwenye hospitali iliyo karibu, iwe Mafinga, Tosamaganga, Chimala, Ilembula au Igogwe, kisha mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Matokeo yake karatasi ziko vipande vipande, na tarehe za kuandikiwa hazifuatani. Zipange zote kwa tarehe kwenye faili moja la plastiki. Ukikuta jina la mzazi limeandikwa namna tatu tofauti, na huwa linakuwa hivyo, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili au hakimu kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na lile la NIDA liwe la kwanza.

Kisha tafuta ripoti mpya ya daktari bingwa wa eneo lililoumia. Kwa mifupa na viungo, bingwa wa mifupa. Ongeza na maelezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu yeye ndiye anayepima kwa nyuzi kiungo kinakunjuka mpaka wapi na ndiye aliyemwona mgonjwa mara nyingi. Usimwombe daktari "cheti cha ulemavu" hivi hivi. Atakuandikia mstari mmoja kwamba huyu ana ulemavu, na mstari huo hausaidii. Mwombe ajibu maswali haya kwa maandishi: Viungo vipi vimeathirika, vyote? Kila kimoja kimepoteza kiasi gani cha kukunja, kushika, kubeba? Hali hii itabadilika au imefika mwisho wa kupona? Kazi aliyokuwa anafanya, anaweza kuirudia? Kuna tiba nyingine inayohitajika? Mpe asome daftari lako kabla hajaandika. Madaktari wengi wanaandika Kiingereza. Kaa naye dakika tano akueleze kila sentensi, usije ukaambatisha ripoti inayokupinga.

Linganisha ripoti hiyo na ile iliyotumika kwenye tathmini. Kama hukupewa nakala ya tathmini, iombe kwa barua. Makosa ninayoyaona mara kwa mara si ya mahesabu. Kuna kiungo kimesahaulika. Vidole vimehesabiwa, kiwiko kilichokaza hakimo. Mguu umo, mgongo haumo. Jeraha la kichwa limeandikwa kovu, kizunguzungu na usahaulifu havikutajwa popote.

Hatua ya 5: Karatasi za kazini na mashahidi

Kusanya mkataba wa ajira, slipu za mshahara za miezi ya karibu na ajali, kitambulisho cha kazi, na mahudhurio ya siku ile kama yanapatikana. Mwajiri akikataa kutoa, mwandikie barua ya kuomba, nakala kwa Afisa Kazi wa Mkoa. Nakala hiyo tu mara nyingi hufungua kabati lililokuwa limepotelewa ufunguo.

Mashahidi ni kazi ngumu zaidi. Aliyekuwa pembeni ya mama mashine ilipomshika bado yuko kazini pale pale na ana watoto wa kusomesha. Usimlazimishe. Tafuta aliyestaafu, aliyehama, dereva aliyempeleka hospitali, au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mashamba ya chai na misitu yana TPAWU, viwanda vingi vina TUICO, migodi ina TAMICO. Shahidi aandike alichokiona yeye mwenyewe, si alichosikia, aweke tarehe, sahihi na namba ya simu.

Hatua ya 6: Andika barua, fupi

Barua ndefu ya malalamiko haisomwi. Eleza unapinga nini, kwa nini, na unaomba nini. Aandike mzazi kwa jina lake hata kama kalamu umeishika wewe. Mfano:

*Mkurugenzi Mkuu,*
*Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.*

*YAH: MAOMBI YA MAPITIO YA UAMUZI WA FIDIA, KUMB. NA. ……*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ……, mwenye namba ya NIDA ……, niliumia tarehe …… nikiwa kazini kwa …… Kwa barua yenu ya tarehe ……, niliyoipokea tarehe ……, nimepewa kiwango cha ulemavu cha asilimia …… Sikubaliani na kiwango hicho kwa sababu zifuatazo.*

*Kwanza, tathmini imehusu vidole viwili vya mkono wa kulia peke yake. Ripoti ya daktari bingwa ya tarehe …… (Kiambatisho A) inaonyesha kwamba kiwiko na kiganja pia vimepoteza uwezo wa kukunja na kushika.*

*Pili, kipato kilichotumika ni shilingi …… kwa mwezi. Slipu zangu za mshahara (Kiambatisho B) zinaonyesha shilingi ……*

*Naomba: tathmini ya ulemavu ifanyike upya kwa viungo vyote vilivyoathirika, hesabu ya kipato irekebishwe, na nipatiwe nakala ya ripoti ya tathmini iliyotumika.*

*Sahihi au dole gumba: ……*

Kama mzazi anahitaji mtu wa kumvisha, kumlisha au kumgeuza kitandani, ongeza ombi la malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Ni fao linalojitegemea ndani ya WCF na watu hawaliombi, kwa sababu anayemhudumia ni binti wa nyumbani na hakuna anayeona kwamba anafanya kazi. Kama anahitaji mguu bandia, kiti mwendo au mazoezi, omba huduma za utengamao. Viambatisho vipe herufi, na kwenye barua taja herufi hizo. Usitume nakala halisi ya kitu chochote.

Hatua ya 7: Peleka, na ubaki na alama

Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Ukiambiwa "acha tu hapo mezani", kaa. Kama unakaa mbali, ofisi ya kazi ya mkoa inaweza kukuelekeza pa kuwasilisha bila kusafiri mpaka makao makuu ya Mfuko. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kupokelewa na ulichapishe.

Barua yenyewe ikitaja siku za kupinga, hizo ndizo. Lakini usingoje mwezi wa daftari ukamilike ndipo uandike. Mimi huwashauri watu wapeleke barua fupi ndani ya wiki mbili, wakiandika kwamba ripoti ya bingwa itafuata, kisha wapeleke ripoti na daftari kama nyongeza kwa kumbukumbu namba ile ile.

Baada ya hapo fuatilia kwa maandishi. Ukipiga simu, andika kwenye daftari uliongea na nani, saa ngapi, alisema nini. Na uwe na adabu. Karani unayemfokea leo ndiye atakayelitafuta faili lako kesho.

Hatua ya 8: Siku ya kupimwa tena

Wakikubali tathmini mpya, mkumbushe mzazi kwa upole yale ya sufuria. Si kuigiza. Asijikunje kuliko anavyojikunja nyumbani, kwa sababu daktari mzoefu anaona mara moja na faili zima linaharibika. Aseme tu ukweli wote. Akiulizwa "unaweza kutembea?", jibu si ndiyo wala hapana: "Natoka nyumbani mpaka kisimani, napumzika mara mbili, nikirudi nalala."

Safari ipangeni iwe ya jana yake. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akitoka Makete alfajiri kwenye Coaster iliyojaa, akifika Mbeya anapimwa akiwa hoi, au kinyume chake amemeza vidonge njiani na haumwi kitu. Aende na dawa zake, magongo yake yale anayotumia kila siku, na nguo anazoweza kuvua. Ingia naye chumbani kama anaridhia, lakini usimjibie. Akisema "sijambo", mguse tu begani: "Mama, mweleze na ya usiku."

Hatua ya 9: Wakikataa tena

Hapa ndipo unapomtafuta mwanasheria. Sheria ya WCF inampa asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu njia ya kwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa, huna haja ya kukimbilia Dar es Salaam. Kesi ya namna hii ina taratibu zake za hati na muda, na kosa dogo la utaratibu linaitupa nje kabla haijasikilizwa.

Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inawajua waliosajiliwa katika wilaya yako. Vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, navyo vinafaa, hasa pale mzazi asiposikia na anahitaji mkalimani wa lugha ya alama.

Kama ni NSSF

Utaratibu wa daftari na ripoti ni ule ule, ila maswali ni mawili tofauti. La kwanza ni la michango: pensheni ya ulemavu inataka michango ya miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake iwe ya karibu kabisa na kupata ulemavu. La pili ni la uwezo: bodi ya madaktari ithibitishe kwamba amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato.

Wakikataa kwa michango, omba taarifa yote ya michango mwezi kwa mwezi uilinganishe na slipu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Ukikuta slipu inaonyesha makato na taarifa ya Mfuko ina pengo mwezi huo huo, mwajiri alikata na hakupeleka. Peleka slipu hizo, ombi liwe Mfuko umdai mwajiri na miezi hiyo ihesabiwe. Wakikataa kwa uwezo, rudi hatua ya 3 na ya 4.

Vishoka, ndugu na benki

Kudai fidia hakulipiwi. Mtu anayekaa nje ya ofisi na bahasha za kaki, anayejua "mtu wa ndani" na anayetaka fungu la malipo yakitoka, huyo ni kishoka. Hakuna anachoweza kukufanyia ambacho barua yenye muhuri haifanyi.

Ndugu ni mtihani wa aina nyingine. Kuna mmoja ambaye angependa mkupuo utoke haraka, asilimia ibaki ndogo, ili bodaboda inunuliwe. Fanyeni kikao mapema, mzazi akiwepo na akisema yeye, kwamba pesa ni yake na akaunti ni ya jina lake peke yake.

Akaunti hiyo ifungueni kabla uamuzi haujatoka. Mama alipoteza ncha ya kidole gumba cha kulia, na mashine ya alama za vidole ilimkataa mara kadhaa kwenye kusajili laini ya simu na tena benki, mpaka zilipochukuliwa alama za vidole vya mkono wa kushoto. Aliyeumia mikono aende tawini mwenyewe na kitambulisho cha NIDA, aombe ichukuliwe alama ya kidole kingine, na hakikisha jina la akaunti linafanana herufi kwa herufi na lile lililo kwenye madai.